Chupa Nne

Magazeti yetu yameliharibu neno sarakasi. Diwani akihama chama asubuhi na kurudi jioni, wao huandika "sarakasi za siasa". Huwa naudhika kwa niaba ya wanasarakasi. Laiti diwani huyo angepandishwa juu ya viti sita vinavyobebwa na chupa nne za bia, tungejua mara moja kama kazi anayosifiwa anaiweza.

Viti na chupa niliviona Bagamoyo, kwenye tamasha la chuo cha sanaa, nimebanwa baina ya bibi aliyempakata mjukuu na kijana muuza karanga aliyekwisha sahau kuuza. Vijana walianza kwa mbwembwe: vichwangomba mfululizo, misamba, kupenya kwenye pete, piramidi ya watu saba. Miluzi ikarindima. Kisha akaingia jamaa mmoja mfupi, kitambaa mkononi. Akapanga chupa nne juu ya meza, akaanza kuzifuta midomo, moja moja, taratibu. Alipomaliza, akairudia ya pili.

"Huyu kaja kuosha vyombo?" mtu akauliza nyuma yangu, watu wakacheka.

Kwangu mimi onyesho lilianzia hapo. Chupa huvumilia uzito mkubwa ukishuka wima. Ukiisukuma ubavuni kidogo tu, imekwenda. Kwa hiyo kila atakachokifanya mtu huko juu, hata kugeuza shingo, sharti uzito wake ushuke katikati ya chupa zile nne. Na mdomo wa chupa ukiwa na tone la mafuta, hesabu yote hiyo ni bure.

Kiti cha kwanza kikakaa. Cha pili akakipokea kwa mkono mmoja, akakipachika juu ya mwenzake, akapanda. Kufikia cha tano mkono wa msaidizi haukumfikia tena, kikapandishwa kwa upondo. Alipokaza mikono juu ya kiti cha sita na kuinua miguu, mpiga ngoma aliacha kupiga. Walio mbali waliona mtu aliyetulia kama mnara. Sisi wa mbele tuliona vidole. Havikutulia hata kidogo: mwili ukitaka kuangukia mbele, ncha za vidole zinakandamiza, ukirudi nyuma, uzito unahamia kwenye kitako cha kiganja. Anaanguka muda wote, na muda wote anajizuia. Bibi wa pembeni yangu alikuwa amemfumba mjukuu macho, yeye mwenyewe kayakodoa.

Mchezo huu una asili ya China. Mwaka 1965 Tanzania ilipeleka vijana huko kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 tukapata kikundi cha taifa. Chuo cha Bagamoyo kikaanza mwaka 1981. Vikundi kama Muungano vikaiingiza sarakasi kwenye kumbi za Dar es Salaam, katikati ya ngoma na vichekesho, na wengi wa rika langu tuliijulia huko, tukisubiri taarabu. Sijui fani nyingine inayorithishwa kimwili namna hii. Mwalimu humshika mwanafunzi kiuno, siku moja akauondoa mkono bila kumwambia.

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda, na hakuna aliyepiga makofi. Kiti cha sita, cha tano, cha nne, kila kimoja kinatolewa kwa uangalifu uleule, wakati watu wameshaanza kumpigia kelele mcheza na chatu aliyekuwa akiingia upande wa pili. Nikamfuata yule jamaa kwa macho hadi nyuma ya turubai. Kreti ya zile chupa ilikuwa ya baa ya jirani, na kijana wa baa alikuwa amesimama pale, anazihesabu chupa zake.