Jina Moja, Lugha Mbili

Mwaka 2003, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliandika ukurasa wa kompyuta wa kujumlisha alama za mazoezi ya kufundisha. Niliuandika kwa JScript, lugha ya skripti iliyokuwa ndani ya kivinjari cha Internet Explorer. Ofisini kwangu ulijumlisha bila kosa. Kwenye kompyuta kuukuu ya karani, kisanduku cha jumla kilibaki na ile 0 niliyokiwekea mwanzoni, naye akainakili. Mwanachuo mmoja akatangazwa ubaoni kuwa ameshindwa, akafunga virago kabla hatujagundua.

Chanzo kilikuwa neno moja, push, la kuongeza kitu mwishoni mwa orodha. Lilikuja na toleo la 5.5 mwaka 2000. Karani alikuwa na 5.0, la mwaka 1999. Injini yake ilisoma kazi yangu vizuri hadi ilipofika kwenye neno isilolijua, ikakwama. Ningaliandika alama[alama.length] = x, matoleo yote mawili yangalinielewa. Kosa hilo ni langu.

Lakini kitabu nilichokimbilia baadaye nakilaumu hadi leo. Kilisifu JScript .NET iliyotoka mwaka 2002: waweza kutaja aina ya kila kigeu, waweza kuandika klasi, na kazi yote hugeuzwa kuwa programu kamili kabla ya kuendeshwa. Mambo mazuri kweli. Nikayatia kwenye ukurasa wangu, na hakuna mstari hata mmoja uliofanya kazi, hata kwenye kompyuta mpya! Safari hii tatizo halikuwa msamiati bali sarufi, na kivinjari kikikuta sentensi isiyofuata sarufi yake hukataa skripti nzima tangu mwanzo. Sarufi ile ilikuwa ya seva. Kivinjari hakikupewa kamwe.

Ukurasa wa seva ulitangaza lugha yake kwa neno JScript. Skripti ya kivinjari nayo iliweza kutangaza neno hilo hilo. Mwandishi aliijua tofauti hiyo, akaieleza kwenye kiambatisho, baada ya kurasa mia kadhaa za sifa. Mwanafunzi wangu angeandaa somo namna hiyo ningemrudishia daftari. Ni sawa na kutunga mtihani kwa muhtasari ambao shule haijaletewa, kisa jina la somo ni lile lile.

Internet Explorer iliondolewa mwaka 2022. Kitabu bado ninacho. Mwanachuo yule alirudi baada ya wiki mbili. Alama zake nilizijumlisha mbele yake, kwa kalamu.