Sanctus ya Kamina katika filimu ya waasi

Wazee wa Kamina hawana haja ya kuelezwa Missa Luba ni nini, kwa maana ilizaliwa kwetu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba Sanctus ya Misa ile ilisafiri mpaka Uingereza, ikaingia katika filimu ya vijana wa masomo wanaoshika bunduki na kupiga risasi walimu na wazazi wao. Tena ni wachache zaidi wanaojua kwamba filimu ile ina baba yake: filimu ya Ufaransa ya mwaka wa 1933, iliyotoka katika kundi la watu wa sinema waliopenda ndoto kuliko hesabu. Inafaa waseminari wayajue mambo haya, kwani filimu zote mbili zinasimulia nyumba ya wanafunzi: kengele, chumba kikubwa cha kulala, kapela, na mkubwa anayepita usiku kuangalia kama kila mtu yuko kitandani. Anayeishi katika nyumba ya namna hii atazielewa upesi.

Kwanza tuseme kidogo juu ya kundi lile. Kisha vita vya 1914-1918, vijana wa Paris waliona kwamba akili, sheria na taifa, yaani vitu vyote walivyofundishwa kuheshimu, viliwapeleka watu milioni nyingi kufa katika matope. Basi wakatafuta ukweli kwingine, katika ndoto, wakajiita Wasurealisti. Sinema iliwafaa sana. Unakaa gizani, picha zinapita, mtu anaanguka hapa na kuamka pengine, wala hakuna anayeuliza sababu. Mwaka wa 1928 Germaine Dulac alionyesha La Coquille et le Clergyman, ndoto ya kasisi anayemfuata mwanamke. Mwaka wa 1929 Luis Buñuel na Salvador Dalí walitoa Un chien andalou. Mwaka wa 1930 Buñuel akatoa L'Âge d'or. Humo maaskofu wenye mavazi ya ibada wanageuka mifupa juu ya mawe ya bahari. Filimu hiyo ilikatazwa Paris Desemba ya mwaka uleule, ikakaa bila ruhusa mpaka 1981. Buñuel alisomeshwa na Wayezuiti wa Zaragoza. Wengi wanaotukana Kanisa kwa ufundi mkubwa walijifunza luga ya matusi yao ndani ya Kanisa. Mtu asiyejua mavazi ya askofu hawezi kuyachekesha vizuri hivi.

Lakini aliye mkubwa kwangu ni Jean Vigo. Huyu hakuwa wa kundi lenyewe, ila alilipenda; mwaka wa 1930, alipoonyesha filimu yake ya kwanza, À propos de Nice, alisifu Un chien andalou mbele ya watu. Baba yake, aliyejiita Almereyda, mpinzani wa serikali, alikufa katika gereza la Fresnes mwaka wa 1917. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Wakampeleka kukaa katika masomo ya mbali, kwa jina la uongo, kusudi wengine wasijue yeye ni mwana wa nani. Alikufa mwaka wa 1934, hata miaka thelathini hakufika. Yale aliyoyaona katika chumba cha kulala cha masomo yale ndiyo yaliyofanya Zéro de conduite, maana yake Sifuri ya Mwenendo. Mtoto aliyepata sifuri hiyo hana ruhusa ya kutoka siku ya Mungu.

Filimu ni fupi, haifiki saa moja. Mkubwa wa masomo ni mtu mfupi sana, urefu wa mtoto, mwenye ndevu nyingi na sauti nyembamba. Kofia yake anaifunika kwa kioo kama watu wanavyofunika sanamu ya mtakatifu. Msimamizi mmoja anachora picha kwenye karatasi, na picha inaanza kutembea. Halafu unakuja usiku. Watoto wanapigana kwa mito, mito inapasuka, manyoya yanajaa chumba kama pamba ya msufi wakati wa upepo, na gafula picha zinaanza kwenda polepole. Mtoto mmoja anajipindua, anaangukia kwenye kiti, wenzake wanambeba juu, na wote wanatembea katika nguo zao za kulala kama watu wa prosesyo ya Sakramenti. Asubuhi msimamizi bado anasinzia. Wanamfunga kitandani na kusimamisha kitanda, naye anasimama pale kama mtu aliyesulibiwa.

Je, hii ni matusi kwa dini? Wengi wamesema hivi, nami siwalaumu. Lakini tazameni nyuso za watoto wale. Hawacheki. Wanatembea kwa utaratibu ambao hakuna msimamizi aliyeweza kuwalazimisha kuufuata, na ndiyo mara yao ya kwanza kuwa na heshima katika filimu nzima. Mimi ninaona watoto walionyimwa liturjia ya kweli, wanaojitengenezea moja kwa mito na manyoya. Masomo yao yana kengele na azabu, lakini hayana sherehe. Vigo hakumpenda Mungu wetu, ni wazi. Lakini alijua vema kitu gani kinakosekana pale.

Tena sikilizeni muziki wa sehemu hiyo. Maurice Jaubert aliutunga, akauandika kwa noti kutoka mwisho kwenda mwanzo, wanamuziki wakaupiga hivi, naye akageuza sauti iliyorekodiwa ili irudi njia yake. Ndiyo maana kila sauti inaonekana kuvutwa ndani badala ya kutoka nje. Huyu alitafuta muziki wa ndoto, akautengeneza kwa jasho lake. Hakuuchukua kwa mtu. Serikali ya Ufaransa iliikataza filimu hii, nayo haikuruhusiwa mpaka vita kubwa ya pili ilipokwisha. Jaubert alikuwa amekwisha kuuawa katika vita ileile, mwaka wa 1940.

Sasa turudi Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika kwetu mwaka wa 1953, akakusanya kwaya ya watoto wapata 45 pamoja na walimu wapata 15, iliyojulikana kwa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin. Missa Luba haikuanza kwenye karatasi. Ilizaliwa kinywani: walichukua maneno ya Kilatini, wakatafuta kwa kila sala ginsi gani watu wetu wanaimba jambo la namna ile. Crucifixus iliimbwa kwa namna ya kasala, kwa kuwa Bwana amekufa, na maiti hulizwa kwa kasala. Sanctus ilipewa namna ya wimbo wa kuagana wa Kiluba. Jambo hili lina samani kuliko linavyoonekana. Katika Misa, Sanctus ni pale tunapoacha maneno yetu na kuingia katika maneno ya malaika. Nyuma yake ni sala kuu ya Ekaristi. Nani aliwaambia walimu wale kwamba hapo ndipo mahali pa kuagana? Hakuna kitabu kilichowaambia. Misa hiyo iliimbwa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka uleule kwaya ilikwenda Ulaya, na kampuni ya Philips ikatoa sahani ya gramofoni.

Kwa njia ya sahani ile Lindsay Anderson, Mwingereza, aliifikia Sanctus yetu. Filimu yake If.... ilitoka mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 ilipata tuzo kubwa ya Cannes. Hakuficha kwamba anamfuata Vigo: masomo ya kulala, siku ya sherehe, vijana juu ya paa. Picha nyingi alizipigia Cheltenham, katika masomo aliyosomea mwenyewe. Desturi ya ndoto aliishika pia: kuna mahali ambapo mkubwa wa masomo anavuta mtoto wa meza mkubwa, na ndani yake padri wa masomo amelala, anainuka kupokea mkono wa vijana. Nilicheka, ninasema kweli.

Kijana mkubwa wa filimu, Mick, ana gramofoni katika chumba chake, na picha alizozikata katika magazeti. Anacheza Sanctus ya Kamina, kisha tena, kisha tena. Baadaye yuko katika duka la kahawa; anachagua sahani ileile, na yeye na msichana wa duka wanaanza kunguruma na kuumana kama chui. Hapa ndipo ninapomlaumu Anderson, wala si kwa sababu ya zambi inayoonyeshwa. Ninamlaumu kwa uvivu wa masikio. Alisikia watoto Waafrika na ngoma, akafikiri: pori, nyama, damu ya moto, uhuru usio na sheria. Kumbe waimbaji walikuwa nani? Wanafunzi na walimu wao! Watoto wa masomo, kama Mick mwenyewe, waliofika kwa kengele, waliorudia mazoezi, waliojua Kilatini chao. Sauti ile huru anayoitamani Mick ilitoka katika nyumba yenye kanuni. Anderson alikuwa na jibu la filimu yake mkononi, akalitumia kama kelele ya msituni.

Watoto wa Vigo wanatupa viatu na makopo kutoka juu ya paa, halafu wanapanda kwenda mbinguni, na viti vya wakubwa vingine vina sanamu za nguo tu. Vijana wa Anderson wanaua. Kati ya 1933 na 1968 ndoto ilipoteza mchezo wake.

Pier Paolo Pasolini, asiyekuwa mwenye imani, alisikiliza vizuri zaidi. Katika Il Vangelo secondo Matteo ya mwaka wa 1964, aliyoitoa kwa ukumbusho wa Papa Yohane XXIII, Gloria ya Missa Luba inasikika kwenye ufufuko. Aliiacha iwe sala, akaiweka mahali ambapo furaha yake ina sababu.

Kisha If...., sahani ya Sanctus iliuzwa sana Uingereza mwaka wa 1969. Vijana wengi wa kule waliijua kama muziki wa Mick. Jina la Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba peke yake mbele ya kwaya, ni wangapi waliolisoma nyuma ya karatasi ya sahani?

Papa Pius XII, katika barua yake Miranda prorsus ya mwaka wa 1957, aliomba Wakristu wafundishwe kuangalia filimu, si kukatazwa tu. Seminari inayotaka kufanya hivi ianze na Vigo, jioni moja, na majadiliano marefu. If.... ni ya wakubwa, nayo ingoje. Kabla ya kuionyesha, pigeni Missa Luba yote bila picha yoyote, toka Kyrie mpaka Agnus Dei, na mtu wa Kiluba awaeleze wengine namna watu wanavyoagana kwao.