"Assault": Shambulio au Kipigo?

Miongoni mwa maneno ya sheria yanayowataabisha wafasiri wetu, neno la Kiingereza "assault" lastahili kutajwa mapema. Aghalabu hufasiriwa "shambulio", na wengi tumeipokea tafsiri hiyo bila kuihoji. Madhali sheria namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, wala si ya Mahakama za Mwanzo tu kama ilivyozoeleka, yafaa tulitazame neno hili upya.

Katika sheria ya Kiingereza iliyo asili ya Kanuni zetu za Adhabu, mtu aliyemwinulia mwenziwe rungu, mwenziwe akaogopa kwamba atapigwa papo hapo, amekwisha kutenda kosa hilo ingawa rungu halikushuka. Kule kugusa au kupiga kwenyewe kuliitwa "battery", neno ambalo mfasiri mzembe anaweza kulipeleka kwenye redio. Hata hivyo, desturi ya mahakama imeyachanganya mambo hayo mawili, na leo neno moja hubeba tishio na kipigo pia.

Je, "shambulio" laweza kubeba mzigo huo? Kushambulia, kwa masikio ya Mswahili, ni kuendea kwa nguvu na kwa kusudi, aghalabu kwa wengi au kwa silaha. Nyuki hushambulia; jeshi hushambulia. Mkoani Iringa neno hili lina kumbukumbu yake: tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa walilishambulia jeshi la Zelewski huko Lugalo. Na vijana ukiwatajia mshambuliaji watakuuliza anachezea timu gani.

Sasa tuseme mama wa Kihesa, pale pale katika Manispaa ya Iringa, amepigwa na mumewe aliyerudi kutoka kwenye ulanzi. Anakwenda polisi. Hatasema, "Afande, nimeshambuliwa." Atasema, "Kanizaba kofi, kanikaba koo, kanibamiza ukutani." Mwandikaji wa maelezo, akidhani kwamba anainua hadhi ya lugha, anaandika: "Mlalamikaji alishambuliwa na mumewe." Kwa sentensi hiyo moja ushahidi umeyeyuka.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kipigo. Kina utajiri unaotisha. Kuzaba ni kwa kiganja, kucharaza ni kwa fimbo au kiboko, kutwanga ngumi kunajieleza, kukaba ni kwa shingo, na kubamiza kunahitaji ukuta au sakafu. Kila kitenzi kinataja chombo au mahali pa mwili, na pengine idadi ya mapigo. Daktari ajazaye fomu ya polisi, ile PF3, huyatafuta hayo hayo. Tena Kanuni za Adhabu zatofautisha jeraha, ambalo sharti lipasue au litoboe utando wa nje wa mwili, na dhara, ambalo ni maumivu au ugonjwa wowote wa mwili, uwe wa kudumu au wa kupita. Aliyekabwa koo huenda hana jeraha hata moja, lakini dhara analo. Mwandikaji akifuta neno "kukaba", hakimu atajuaje?

Haya si mambo ya nahau tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yakataza mume au mke kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Anayedai haki hiyo hutakiwa kuonyesha kipigo, si neno la heshima lililofunika kipigo.

Kosa jingine, na kwetu ndilo baya zaidi, ni "shambulio la kawaida", jina linalotumika kwa kosa la kifungu cha 240. Mfasiri aliliona neno "common" akalipa maana yake ya sokoni. Sheria ilikusudia shambulio lisilo na jambo la kulizidishia adhabu, basi. Lakini msomee mshtakiwa kwamba amefanya shambulio la kawaida, naye atakubaliana nawe kwa moyo mkunjufu: ndiyo, ni la kawaida, hata baba yake alifanya hivyo hivyo. Sisi twapendekeza "shambulio sahili". Walimu wamekwisha kutuzoeza sentensi sahili, yaani isiyo na nyongeza ya kishazi, na maana hiyo ndiyo itakiwayo hapa. "Shambulio dogo" hatulitaki, linampunguzia aliyepigwa.

Vivyo hivyo "shambulio la aibu". Aibu ni ya nani? Jinsi lilivyo, neno linamwangukia aliyetendewa, naye ndiye atakayeona haya kulitamka mbele ya watu.

Wako wanaotaka "ukatili" litumike kwa yote. Neno hili limeenea sana katika matangazo na katika madawati ya polisi, wala hatulikatai; ila lahukumu moyo wa mtu kabla ya tendo lake, na aliyepiga kofi moja atajitetea kuwa yeye si katili. "Jeuri", ambalo kamusi za zamani zililipa maana ya kutenda kwa mabavu, siku hizi ni ufidhuli tu. "Vurugu" ni ya umati.

Basi "shambulio" na libaki katika hati ya mashtaka, kama jina la kosa, kwa kuwa limekwisha kukaa na kuling'oa kutaleta mchafuko. Katika maelezo ya kosa na katika ushahidi, karani, polisi na mkalimani waandike kitenzi kile kile alichokitamka msemaji. Rufani ikifika mbele ya wasomaji wa Kiingereza, ni kazi ya mfasiri kutafuta neno la Kiingereza la "kuzaba". Tumemtaabikia Mwingereza vya kutosha. Naye na ajitaabishe kidogo.