Kibanda Umiza: Hofu ya Pamoja

Kibanda umiza ni ukumbi mdogo wa video: kuta za mabati au mbao, mabenchi yaliyobanana, dirisha lililozibwa kwa khanga, televisheni na spika. Mjini Moshi, katika mitaa kama Majengo na Pasua, na vijijini kwenye migomba ya mlimani, vibanda hivi vimewapa burudani watu wasio na televisheni nyumbani.

Filamu za kutisha hunoga zikitazamwa na wengi. Jini akitokea, mmoja hupiga yowe, jirani humshika mkono, kisha benchi zima hucheka. Filamu za Mussa Banzi za miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta, zilieleweka upesi, kwa kuwa habari za mizimu na majini si ngeni kwa mtazamaji. Za kigeni zilihitaji mfasiri. Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia sifa kwa kuzisimulia kwa Kiswahili, akitia maelezo na mzaha wake.

Mwenye kibanda huchagua filamu, hukusanya viingilio na kutuliza zogo. Anastahili pongezi: bila yeye, wengi wangetishika peke yao, au wasingeona filamu kabisa.