Kitanzi na Shingo ya Abiria

Miongoni mwa sanaa changa ambazo hazijapata wahakiki wa kutosha ni ile ya kubuni vitanzi vya rolakosta katika michezo ya kompyuta. Rolakosta, yaani gari la burudani lipandalo na kushuka kwa kasi juu ya reli, hufikia kilele chake pale reli inapojikunja na kumgeuza abiria kichwa chini, miguu juu. Hapo ndipo mbunifu hupimwa. Kitanzi cha kawaida hakina mjadala. Mjadala ni juu ya kile cha ajabu: lini ni ubunifu, na lini ni ukaidi wa mkono usiozuiwa na chochote?

Katika RollerCoaster Tycoon, mchezo wa Mskoti Chris Sawyer uliotoka mwaka 1999, mkono huo ulizuiwa sana. Reli huja vipande vipande, kila kimoja na kipimo chake, juu ya ardhi iliyogawanywa miraba. Na kitanzi chenyewe ni kipande kilichokwisha kukunjwa. Atakaye kutoka katika mazoea hana budi kuunga nusu kitanzi na kipande kingine cha kujipinda, kisha airudishe reli pale tu hesabu ya miraba inaporuhusu. Aliyewahi kutafuta kina cha mwisho bila ya kuvunja mizani ataitambua kazi hiyo mara moja. Tena mchezo una wahakiki wake: abiria wadogo wa kuchorwa, ambao ukali wa safari ukizidi hukataa kupanda, na hawaoni haya kusema hivyo.

NoLimits ya Mjerumani Ole Lange, iliyotoka mwaka 2001, iliviacha vipande na kuweka mkunjo huru. Msomaji atakumbuka ule ugomvi wa arudhi na mashairi huru, lakini mfano huo usivutwe mbali, kwani hapa sheria moja haikuondoka: uzito. Programu humwonyesha mbunifu kwa tarakimu jinsi abiria anavyokandamizwa kitini. Wako wasiozitazama tarakimu hizo. Kitanzi chenye umbo la moyo, kwa mfano, huenda kikapendeza kikitazamwa kutoka mbali. Lakini ile ncha ya katikati, gari likiipita kwa kasi, ingemvunja mtu shingo. Hicho ni kitanzi cha mtazamaji, si cha msafiri, na sifa kinazopewa ni za picha.

Shingo si jambo la mzaha katika historia ya umbo hili. Flip Flap, iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1895, ilikuwa na kitanzi cha mviringo, na waliopanda walishuka wakilalamikia shingo. Sababu yake ni hesabu. Katika duara kamili, gari lenye kasi ya kutosha tu kupita juu bila kuanguka humkandamiza abiria, pale chini, kwa nguvu mara sita ya uzito wake, tena kwa ghafla. Dawa ilionekana wazi California mwaka 1976, katika Revolution, ambayo mhandisi wake Werner Stengel aliuacha mviringo: mkunjo hulegezwa chini na kukazwa juu kidogo kidogo, hata kitanzi kikawa mfano wa tone la maji. Umbo hilo lilikuwa geni machoni, na ugeni wake wote ulidaiwa na mwili. Mbunifu wa mchezoni atafutaye ajabu angeanzia hapo, si kwenye moyo.

Kipimo hicho kina upande wake wa kutisha. Mwaka 2010, Julijonas Urbonas, msanii wa Lithuania, alibuni rolakosta ya kumuua abiria wake kwa hiari: mteremko wa mita 500, kisha vitanzi saba, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia, ili kasi ikipungua nguvu ibaki mara kumi ya uzito na damu iukimbie ubongo. Neno kitanzi, ambalo kwa Kiswahili ni la mtego na la kunyongea pia, hapo limetimia. Kazi hiyo imebaki mchoro na kielelezo kidogo, haikujengwa. Lakini hakuna mkunjo hata mmoja ndani yake uliowekwa kwa ajili ya jicho.