Kisu, Ndimu na Mbaazi

Mpishi hodari usimpime kwa pilau, maana pilau ina viungo vya kumsitiri. Mpime kwa kitunguu kibichi. Pale Ngamiani, Tanga, yuko mama mtu mzima ambaye sijapata kumwona na ubao wa kukatia. Kitunguu hukishika kiganjani, akakichanja kwa juu, akakilaza ubavu, na vinavyodondoka kwenye beseni ni vipande vyembamba hata mwanga unapita. Kisu chenyewe kimenolewa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji miaka nenda miaka rudi, mpaka kimebaki chembamba kama chelewa.

Akishakata huvimwagia chumvi ya mawe na kuvifikicha kwa ncha za vidole, taratibu, bila kuviponda, hadi vitoe maji na povu jepesi. Maji hayo huyamwaga, akasuuza, akakamua. Ukali umekwisha, utamu umebaki, na ukitafuna bado unasikia kinavyolia. Hapo ndipo ndimu inapoingia, na ile zambarau ya kitunguu inageuka waridi mbele ya macho yako. Hii ndiyo hatua ambayo siku hizi karibu kila mtu anairuka, kisha tunalalamika kwamba kachumbari inanuka mdomoni mpaka jioni.

Kachumbari ya mama huyu haisindikizi nyama. Yenyewe ndiyo chakula cha mchana. Mbaazi kavu hulala majini usiku kucha, asubuhi zikachemshwa ziive bila kupasuka. Huzichuja zingali moto na kuzitia ndimu na chumvi papo hapo, kwani mbaazi iliyokwisha kupoa haikubali tena kitu. Ndimu huishia juujuu. Hufuata muhogo wa kuchemsha, embe bichi lililochanwa nyuzi nyuzi, pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, karanga za kukaanga zilizotwangwa nusunusu, na nazi iliyokunwa asubuhi ile ile. Nyanya huja mwisho, maji yake yameshatolewa, maana ikitangulia hulowesha vyote. Giligilani haioni kisu. Hunyofolewa kwa mkono. Kisha sinia linafunikwa kawa na kuachwa hadi watu watoke kuswali adhuhuri. Ukimharakisha hakujibu.

Wateja wake wengi ni makuli wa sokoni, watu wanaobeba magunia tangu alfajiri. Siku moja kijana mgeni aliletewa sahani yake, akaipekua kwa kijiko, akauliza, "Bibi, nyama iko wapi?" Akajibiwa, "Kula kwanza, mwanangu, halafu uulize." Alikula, na hakuuliza. Mbaazi na karanga zina protini, muhogo una wanga wa kumshikilia mtu hadi magharibi, nazi ina mafuta yake. Na ndimu haikuwekwa kwa ladha tu: vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye jamii ya kunde, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume. Mama yule hajayasoma haya popote. Lakini kwenye meza yake hakuna birika la chai, kuna maji ya mtungi.

Sinia lile lina safari ndefu kuliko sisi. Muhogo, karanga, nyanya na pilipili vilitoka ng'ambo ya Atlantiki, vikafika kwetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi. Asili ya mbaazi ni India. Wahindi wa miji yetu ya pwani nao wana chana bateta yao, dengu na viazi ndani ya ukwaju, na chevda ikinyunyizwa juu. Wapo baina yao wasiogusa nyama maisha yao yote na hakuna anayewaonea huruma. Sisi tulivipokea vyote hivyo, tukaviweka pamoja, tukapata mlo. Halafu tukauonea haya.

Maana haya ndiyo iliyotufikisha hapa. Mgeni akija, mbaazi zinafichwa jikoni. Harusini kachumbari imekuwa ndoo moja iliyokatwa tangu usiku, vitunguu vinene havikuona chumvi, siki ya chupa imemiminwa badala ya ndimu, na nyanya zinaogelea. Hotelini ukiagiza saladi unaletewa kabichi iliyochanwachanwa na mashine, kipande cha tango kilichonyauka na mayonezi. Vijana wenye kipato wananunua majani ndani ya boksi la plastiki kwa bei ya kilo kadhaa za mbaazi, wanakula, na baada ya saa mbili wanatafuta chipsi. Siwalaumu sana. Hakuna aliyewaonyesha kwamba mboga mbichi na jamii ya kunde zinaweza kumtosha mwanadamu mzima mwenye kazi.

Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na wakulima wa Lindi na Mtwara wakaona bei ikiporomoka. Wakati ule nilitarajia, labda kwa ujinga wa mtu anayependa kula, kwamba mwaka huo tungeona mbaazi kila mgahawa, kila kantini, kila shughuli. Hatukuziona. Zao letu wenyewe lilikosa mnunuzi huko mbali na sisi tukapita kando yake kwenda kupanga foleni ya nyama choma.

Mama wa Ngamiani ana mabinti, wote wanauza chakula. Mmoja ana banda la chipsi mayai, naye hufunga hesabu ya siku mapema kuliko mama yake. Hakuna kati yao anayekata kitunguu kiganjani.

Basi neno langu ni kwa wenye migahawa, tangu Tanga hadi Mombasa. Iandikeni mbaazi na kachumbari kwenye ubao wa bei, katika safu ile ile ya wali kuku na ugali samaki, kama chakula kamili chenye bei yake. Lowekeni mbaazi usiku. Kateni vitunguu mteja anapokaribia, wala msikate tangu asubuhi. Na siki mrudishieni mwenye duka.