Kiitikio Kinapokatika: Jinsi ya Kumpima Mfafanuzi wa Amosi

Soma kwa sauti sura mbili za kwanza za kitabu cha Amosi mbele ya wanafunzi, na kabla hujafika Edomu watakuwa wameushika mwendo. Kila taifa linaingia kwa hesabu ile ile ya makosa, matatu kisha manne. Linatajiwa kosa lake. Kisha moto unatumwa uteketeze ngome zake. Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, Yuda. Ni saba, idadi ya ukamilifu kwa Mwebrania. Msikilizaji wa ufalme wa Kaskazini, karne ya 8 kabla ya Kristo, angedhani shauri limekwisha, tena limekwisha kwa kuwasuta jirani zake wote. Ndipo linapotajwa la nane: Israeli.

Hesabu ya mwanzo ni ile ile, ila mapigo yamebadilika. Wenzake walishtakiwa kwa kosa moja, hata kama lilielezwa kwa maneno mengi. Israeli inamiminiwa orodha: maskini kuuzwa, wanyonge kukanyagwa, baba na mwana kumwendea msichana mmoja, nguo za rehani kutandikwa kando ya madhabahu. Na moto? Haupo. Kiitikio kilichorudi mara saba kinakatika pale pale kinapongojewa, na mahali pake inakuja picha ya gari lililojaa miganda. Msomaji aliyekulia kwenye mashairi yetu anajua maana yake: mtunzi anayeacha kibwagizo katika ubeti wa mwisho hajasahau, ametaka tushtuke.

Hapa ndipo ninapompimia mfafanuzi. Wengi wetu huchagua kitabu cha ufafanuzi kwa unene wake, au kwa dhehebu la mwandishi. Mimi hufungua kurasa za hukumu hizi nane kwanza, nione kama mwandishi ameliona umbo au amekimbilia kueleza Dameski ilikuwa wapi.

Hans Walter Wolff, mtaalamu wa Kijerumani ambaye kitabu chake juu ya Yoeli na Amosi kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1977, ameliona, ila anachokiona ni nyufa. Hukumu za Tiro, Edomu na Yuda ni fupi, adhabu yake ni moto tu, na hazina ile kauli ya kufungia inayomtaja Bwana kuwa ndiye msemaji. Kwake, hizo ni nyongeza za baadaye. Dalili anazozionyesha zimo katika maandishi, hazikataliki. Lakini ukizitoa hizo tatu, saba imevunjika.

Shalom Paul, mwaka 1991, katika Hermeneia, mfululizo ule ule wa vitabu vya ufafanuzi uliotoa cha Wolff, anajibu kwa kuonyesha jinsi maneno ya hukumu moja yanavyorudi katika inayofuata, pete ndani ya pete kama mnyororo. Wolff anauliza kitabu kilijengwaje. Paul anauliza kinasikikaje. Darasani ningeanza na Paul, maana mwanafunzi hawezi kupima hoja ya nyongeza kabla hajajua ni kitu gani kingepungua. Baada yake ningemleta Wolff, naye ana faida asiyoitangaza: ukibakiwa na mataifa manne tu, Israeli inakuwa ya tano, na hesabu ya tatu kisha nne inakuwa ndiyo hesabu ya mataifa yenyewe. Mtego bado unafyatuka.

Andersen na Freedman (1989) wana karibu kurasa elfu moja juu ya sura tisa. Ni hazina kwa mtafiti, lakini mwalimu mwenye kipindi kimoja kwa wiki atazama humo. James Luther Mays (1969) ni mfupi, na huyo ndiye ningemkabidhi anayeanza.

Kipimo cha pili ni kikapu cha sura ya 8. Nabii anaonyeshwa *qayits*, matunda ya kiangazi, anajibiwa kwa *qets*, mwisho. Maono yote yamesimama juu ya sauti mbili zinazokaribiana. Kwa Kiswahili "matunda" na "mwisho" hayajuani, hivyo mwanafunzi atalitafuta fumbo ndani ya kikapu: labda yameoza, labda ni matamu mno. De Waard na Smalley, walioandika mwongozo wao wa 1979 kwa ajili ya watafsiri, wanafaa hapa, kwa kuwa kazi yao ni kuuliza lugha nyingine itafanya nini. Yetu ina "kuiva": tunda huiva, na jambo lililofikia kilele chake tunasema limeiva. Ni msaada, lakini wa nusu. Kilichoiva chaweza kuwa mwanzo wa karamu. *Qets* haiachi nafasi hiyo. Mfafanuzi mzuri atakuonyesha ulichopata na ulichopoteza.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa kitabu chochote, soma hukumu hizo hadi Yuda, unyamaze. Waulize wanafunzi Israeli itapata adhabu gani. Watakaojibu "moto" wamekwisha kunaswa pamoja na watu wa Kaskazini. Hao sasa wako tayari kumsikiliza Paul, na kubishana na Wolff.